"Anacheza tu": maneno ya wenye mbwa yanayoumiza watu wa miguu Likasi

Saa kumi na mbili ya jioni, kwenye kartie nyingi za Likasi, toka Kikula mpaka Panda, mlango wa parsele unafunguliwa na mbwa anatoka mbio akimvuta mtoto wa nyumba. Mtoto ameshika kamba kwa mikono miwili, sandali moja imebaki nyuma, na mbwa ndiye anayechagua njia. Mama anayetoka sokoni na beseni kichwani anasimama, anarudi hatua mbili, anaegemea ukuta. Mbwa anamrukia kifuani. Mwenye parsele, aliyekaa kwenye kiti chake mlangoni, anacheka na kusema: "Usiogope, mama. Anacheza tu."

Maneno hayo mawili yamesemwa mara nyingi mno katika mji huu. Nyanya zilizomwagika barabarani hazichezi. Kitambaa cha kanisa kilichopasuka hakichezi. Mtoto wa miaka minne aliyeangushwa chali hajui kama mbwa anacheza; anachojua ni kwamba kesho hataki kwenda masomo kwa njia ile. Na mtu aliyekwaruzwa na jino, hata kidogo, hana namna ya kujua pale pale kama mbwa huyo amechanjwa.

Kosa si la mbwa. Mbwa anayevuta kamba na kurukia watu amefundishwa kufanya hivyo, kila siku, na mwenyewe, bila mwenyewe kujua. Na aliyefundishwa vibaya anaweza kufundishwa upya kwa wiki chache, bila pesa nyingi na bila fimbo. Mwenye mbwa anayejua hilo na asilifanye amechagua kuwabebesha majirani mzigo wake.

Anayelipa ni mtu wa miguu

Mwenye gari haoni shida hii. Anafunga kioo na kupita. Wanaolipa ni wale wanaotembea: mama wa soko, mwanafunzi, zamu anayerudi nyumbani alfajiri baada ya kulinda mali ya mtu mwingine usiku kucha, mchimbaji anayewahi gari la Kambove, waamini wanaokwenda maombi ya asubuhi kabla jua halijatoka.

Zaidi yao wote, zinalipa familia zilizohama. Mwaka 2005 na 2006, vita vya upande wa Mitwaba, Pweto na Manono, eneo ambalo watu waliliita pembetatu ya kifo, viliwatoa watu wengi vijijini mwao. Tangu hapo, kila fujo inapoanza tena kaskazini mwa Katanga, watu wanabeba mizigo. Na Likasi yenyewe inajua maana ya kufukuzwa: mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walitolewa nyumbani mwao na kulala stesheni ya mji huu wakingoja treni. Mji wenye kumbukumbu hiyo ungepaswa kuwa wa mwisho kumfanya mgeni aogope mlango.

Aliyehama hana parsele yake. Amepokelewa na ndugu, au ni lokateri wa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mtu. Ili ale, lazima apige hodi kwenye milango asiyoijua: kufua nguo, kulima bustani, kuchota maji, kubeba saruji. Kila mlango una mbwa asiyemjua. Akiangushwa, hasemi. Atamshitaki vipi mwenye parsele ambaye kesho anaweza kumpa kazi ya siku? Atakwenda kwa shefu wa kartie kusema nini, naye bado anaitwa "yule mudeplase"? Basi ananyamaza, na mwenye mbwa anahesabu kimya hicho kuwa ruhusa.

Kuna jambo baya zaidi. Mbwa hazaliwi akijua nani ana nguo safi na nani ametoka safarini na bunda lake. Anajifunza hilo kwenye mkono unaoshika kamba. Mwenyewe akiona mtu aliyevaa vizuri, mkono unalegea na sauti inakuwa laini. Akiona mtu wa vumbi, mkono unakaza kamba na sauti inapanda. Mbwa anasoma mkono huo haraka kuliko mtoto anavyosoma abese. Baada ya miezi michache anabweka mwenyewe kila mtu wa namna hiyo anapopita, na mwenye nyumba anajisifu kwamba mbwa wake "anajua watu wabaya". Hajui watu wabaya. Amejifunza dharau ya bwana wake.

Kwa nini anavuta, kwa nini anaruka

Mbwa anavuta kwa sababu kuvuta kunalipa. Anataka kufika kwenye harufu iliyo mbele. Anavuta, mtu anamfuata, anafika. Somo limekwisha: kamba ikikaza, tunakwenda. Likirudiwa kila jioni kwa mwaka mzima, somo hilo haliwezi kufutwa kwa kupiga kelele. Tena mbwa akivutwa nyuma kwa nguvu, mwili wake unajibu kwa kusukuma mbele zaidi, kama mtu anayesukumwa anavyokaza miguu ili asianguke.

Anaruka kwa sababu kuruka kunalipa pia. Mbwa husalimiana kwa kunusana usoni. Uso wa mtu uko juu, kwa hiyo anapanda. Alipokuwa mdogo kama paka, watu walicheka na kumbeba. Leo ana kilo 25, na watu wanapiga kelele na kumsukuma kwa mikono. Kwa mbwa aliyefungwa mnyororo toka asubuhi, kelele na mikono ni sherehe. Amepata alichotaka: mtu amemtazama, amemgusa, amesema naye.

Na mnyororo wenyewe ni sehemu ya ugonjwa. Mbwa anayezunguka kijiti kimoja saa kumi na mbili kwa siku, bila kutembea, bila kunusa, bila kuzungumzwa, akifunguliwa atalipuka. Halafu watu wanashangaa kwamba "ana akili mbaya".

Visingizio vinne visivyosimama

Cha kwanza: "Mbwa mkali ndiye ulinzi wangu." Wezi wa usiku wapo, na hofu ya watu wa Likasi si ya kuchekwa. Lakini kulinda ni kutoa habari. Mbwa anayembwekea mwanafunzi, muuza mikate, padri na mwizi kwa sauti ile ile hatoi habari yoyote. Majirani wameshamzoea, hawaamki tena. Mbwa aliyezoea watu mchana, akibweka saa nane ya usiku, kartie nzima inajua kuna kitu. Kumfundisha kutembea na kusalimia hakumwondolei sauti. Wanaompa pilipili, pombe au bangi ili awe mkali wanampa maumivu ya tumbo na kichwa kizito. Mnyama mwenye maumivu hachagui adui. Mara nyingi anayeumwa kwanza ni mtoto wa nyumba ile ile.

Cha pili: "Bila fimbo hasikii." Mbwa anayepigwa anajifunza kuiogopa fimbo ikiwa karibu, basi. Mbaya zaidi, akipigwa kila mara mtu anapopita, anaunganisha maumivu na yule mpita njia. Kesho atambwekea mapema zaidi ili asikaribie. Na akipigwa kwa kuguna, ataacha kuguna. Mguno ulikuwa onyo. Mbwa asiyetoa onyo ndiye anayeuma ghafla, na watu wanasema: "Hakuonyesha dalili yoyote." Alionyesha, akapigwa.

Cha tatu: "Hayo ni mambo ya wazungu." Kabla ya kusema hivyo, watu wakumbuke kwamba wazungu ndio waliokuja Kongo kuchukua mbwa wa kuwinda. Mbwa wa misituni wa Kongo, mdogo, mkia uliojikunja, asiyebweka kama wengine, walionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya mbwa huko London mwaka 1937. Walipewa jina Basenji, linalotokana na neno "washenzi", jina la dharau kwa mbwa mwenye akili kuliko waliomwita hivyo. Wawindaji waliomfuga walimfunga kengele ya mbao shingoni, wakamwacha atangulie porini, akarudi. Hawakumburuta kwa mnyororo.

Wanaotaka mfano wa leo watazame Morogoro, Tanzania. Huko, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Njia ni rahisi: panya akifanya sawasawa, anasikia mlio mdogo, anapata kipande cha ndizi. Akikosea, hapati. Hakuna anayempiga. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la wanyama, PDSA, mwaka 2020. Na hapa hapa Kongo, Hifadhi ya Virunga ina kikosi cha mbwa wanaofuata harufu ya majangili, wakitembea kwa kamba na walinzi wa hifadhi Wakongomani. Ikiwa panya wa Morogoro anafundishika kwa ndizi, mbwa wa Shituru anashindwa nini?

Cha nne ndicho kizito: "Watoto hawajashiba, wewe unasema mbwa apewe zawadi?" Swali hilo ni la haki katika mji ambamo familia nyingi zinakula mara moja kwa siku. Jibu ni kwamba mbwa haongezewi kitu. Kile bukari kilichobaki, vichwa vya ndakala, mifupa laini ya samaki ambavyo angemwagiwa kwenye sahani jioni, avipate vipande vidogo kama punje ya mahindi wakati wa somo. Chakula ni kile kile. Tofauti ni kwamba sasa anakifanyia kazi. Anayesema hana uwezo wa kufundisha mbwa lakini ana uwezo wa kumlisha amejijibu mwenyewe.

Kamba legevu: kazi ya dakika kumi

Kwanza, kamba. Iwe na urefu wa mita mbili hivi, nene kiasi cha kushikika bila kukata mkono. Mkanda wa zamani wa gari kutoka kwa fundi wa garaji unafaa kuliko mnyororo. Shingoni uwekwe ukosi mpana ambao vidole viwili vinapita chini yake. Waya na kitanzi kinachojikaza ni marufuku: vinakaba koo na kumfanya mbwa awe na hofu zaidi.

Somo lianze ndani ya parsele, asubuhi penye baridi, kabla mbwa hajala. Mtu mzima ashike kamba, si mtoto. Achague neno moja fupi, "ndiyo" au "vizuri", na watu wote wa nyumba watumie lile lile. Kazi ya neno hilo ni kumwambia mbwa: hapo hapo umefanya sawa. Mbwa akitembea hatua mbili kamba ikiwa imelegea kama tabasamu, neno linasemwa na kipande kinatolewa karibu na paja la mtu. Kitolewe hapo pajani, wala si mbele, ili ajifunze kwamba mahali pazuri ni ubavuni mwa mtu.

Kamba ikikaza, mtu anasimama. Hasemi, havuti, hapigi. Anakuwa mti. Mbwa atavuta, atashangaa, mwishowe atageuka au kurudi hatua moja. Kamba ikilegea tu, neno linasemwa na safari inaendelea. Anayeona mbwa hageuki kabisa, ageuke yeye aende upande mwingine, na amtuze mbwa akimfikia. Siku ya kwanza watu watasimama mara 30 ndani ya parsele moja, na majirani watacheka. Wacheke. Siku ya tano watasimama mara 10.

Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinatosha. Mbwa aliyechoka hasikii. Akishaweza ndani, atoke mlangoni. Lakini mlango nao ni somo: haufunguliwi mpaka miguu yake yote iwe chini na atulie. Akikurupuka, unafungwa tena. Baada ya mlango, avenyu wakati hakuna watu. Baada ya avenyu tulivu, avenyu yenye watu wachache. Soko na stesheni ni vya mwisho kabisa. Akishindwa mahali, si kwamba ni mjinga. Amepandishwa darasa mapema. Arudishwe hatua moja nyuma.

Na zawadi si chakula peke yake. Anayetaka kunusa nguzo ya umeme aruhusiwe, mradi afike pale kamba ikiwa legevu. Ndiyo mshahara wake. Kinachovunja kazi yote ni sheria mbili katika nyumba moja: baba anasimama kama mti, kijana anaburutwa akicheka. Mbwa atamfuata kijana, kwa sababu kwake kuvuta bado kunalipa.

Salamu ya miguu minne chini

Hapa Katanga, mtoto anafundishwa kusalimia wakubwa kabla hajajua kuhesabu. "Jambo, mama." "Jambo sana." Mtoto asiyesalimia, au anayemrukia mgeni, watu hawamsemi yeye, wanauliza amelelewa na nani. Swali hilo hilo liulizwe juu ya mbwa.

Kanuni ni moja: miguu minne ikiwa chini, mtu anamsogelea, ikipanda, mtu anaondoka. Kazi hii inataka msaidizi, jirani asiyemwogopa mbwa. Mbwa afungwe kamba kwenye mti imara, au mwenyewe aishike kwa nguvu. Jirani asogee polepole. Mbwa akianza kuruka, jirani anageuka na kurudi nyuma, bila kumtazama, bila kusema "acha" wala "toka". Mbwa akituliza miguu chini, jirani anasogea tena. Atakwenda na kurudi mara sita, mara nane. Kisha kitu kinatokea ambacho wengi hawaamini mpaka wakione: mbwa anakaa mwenyewe, anatetemeka kwa hamu, lakini amekaa. Hapo ndipo anapata salamu: mkono chini ya kidevu au ubavuni, si juu ya kichwa, muda wa pumzi mbili tatu, basi.

Watu wa nyumba wafanye vile vile wanaporudi kazini. Wasimpigie kelele ya furaha akiwa amepanda magotini, halafu wamchape siku wamevaa nguo nyeupe. Mbwa hajui Jumapili. Ama kuruka kunaruhusiwa siku zote, ama hakuruhusiwi kamwe.

Na jambo la adabu kwa mwenye mbwa barabarani: asimpeleke mbwa kwa mtu bila kuuliza. Kuna watu waliofukuzwa na mbwa wa wapiganaji, kuna watoto walioumwa, kuna wanaokataza nyumbani mwao mate ya mbwa kwa sababu ya dini. Mtu akisema "sipendi", mwenye mbwa avuke upande wa pili wa barabara. Barabara ni ya yule mtu kwanza.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ndipo anapokubali dunia. Katika wiki hizo aone watu wa kila aina, wakiwa watulivu na kipande mkononi: mzee mwenye fimbo, mama mwenye beseni, mtoto, mtu wa baiskeli, mtu aliyevaa koti la mvua, mgeni mwenye bunda. Mbwa aliyewaona wote hao akiwa mdogo hatamtoa meno aliyehama kesho kutwa.

Pale ambapo si mchezo kweli

Si kila mbwa anayeruka ni wa kusomeshwa barabarani. Mbwa aliyekaza mwili kama ubao, macho yamemganda mtu, mdomo umefunga au midomo imeinuka, huyo haombi salamu. Akae ndani, mlango ufungwe, na daktari wa mifugo aitwe. Aliyekwisha kuuma mtu hatolewi kwa kamba ya mtoto.

Kwa anayetembea: usikimbie, kwa maana kukimbia kunamwita mbwa akufuate. Simama, mikono karibu na mwili, tazama pembeni, rudi polepole. Weka beseni, bidoni au mfuko kati yako na yeye. Watoto wafundishwe kusimama kama mti, na wakianguka wajikunje kama jiwe, mikono shingoni.

Jino likishagusa ngozi, hakuna tena "anacheza tu". Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, karibu wote Afrika na Asia. Karibu wagonjwa wote wameambukizwa na mbwa, na wanne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kinazuilika. Jeraha lioshwe pale pale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo aulizie chanjo. Asipake majani, mafuta ya gari wala jiwe jeusi na kubaki nyumbani. Chanjo hiyo inatolewa zaidi ya mara moja, na familia iliyohama, ambayo haina pesa ya usafiri wa mara moja, inaombwa kuipata mara kadhaa. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mwenye mbwa anayecheka mlangoni hajawahi kuifanya.

Hesabu yake yeye ni ndogo: mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, na arudiwe kama daktari wa mifugo atakavyomwambia. Mahali ambapo mbwa saba kati ya kumi wamechanjwa, ugonjwa huo unakosa njia ya kupita.

Kibao cha mlangoni si sheria

Wengi wameandika mlangoni kwa rangi nyekundu: "Chien méchant". Wanadhani kibao kimewatoa kwenye lawama. Kibao kinasema juu ya parsele. Hakisemi lolote juu ya barabara. Sheria ya Kongo imesema zamani sana. Code civil, kitabu cha tatu, kinachotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kwenye kipengele cha 261, inamfanya mwenye mnyama, au yule anayemtumia, ajibu kwa uharibifu ambao mnyama huyo amefanya, awe chini ya ulinzi wake au awe amepotea au ametoroka. "Alikata kamba" si utetezi. "Alitoka mtoto alipofungua mlango" si utetezi. Na sheria hiyo haiulizi aliyeumia alizaliwa Likasi au alifika juzi.

Kwa hiyo kila shefu wa kartie ana la kufanya bila kungoja Lubumbashi wala Kinshasa. Anawajua wenye mbwa wa kartie yake, awaite. Aliyemwangusha mtu alipe nyanya, alipe nguo, alipe safari ya kituo cha afya, siku hiyo, bila aliyeumia kubembeleza. Malalamiko ya lokateri na ya aliyehama yaandikwe kwenye daftari lile lile la mwenye parsele. Wabugumesta wa komine nne za mji wakae na madaktari wa mifugo wapange siku ya chanjo kwenye kila kartie, na watangaze redioni mapema. Tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, isipite tena kama siku ya kawaida. Makanisa yenye watu mia tano kila Jumapili yatoe dakika tano za tangazo. Walimu wafundishe watoto kusimama kama mti.

Hakuna anayetaka mbwa wauawe. Kila mara mji unapochoka, kunatokea sauti ya kusema wapigwe risasi au walishwe sumu. Sumu ya barabarani inamuua mbwa aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na inaweza kumuua mtoto anayeokota. Wiki mbili baadaye mbwa wapya wanahamia mahali pa wale waliokufa, na hakuna kilichofundishwa kwa mtu yeyote.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni methali ambayo wazee wa mji huu wanaitaja kila mara kwenye mikutano ya amani. Iwekwe kwenye kazi mahali padogo, mlangoni. Kuanzia Jumatatu, mwenye mbwa aamke mapema, atafute kamba ya mita mbili, aweke vipande vya bukari mfukoni, na asimame kama mti mpaka mbwa wake aelewe. Asiyetaka kufanya hivyo amfunge ndani na asimtoe barabarani. Na yule mama akiangushwa tena, mwenye parsele ainuke kwenye kiti chake, aokote nyanya kwa mikono yake, na ataje bei atakayolipa.